Taa Iliyopepesa Kulia

Mashahidi watatu walikuwa wameapa, na maneno yao yalimfanya mmoja wao mwongo.

Mama Ernestine, muuza makala, yaani makaa, wa kwenye njia panda, alisema pikapu ilikuwa inakuja upande wake na taa ya kugeukia ilipepesa kushoto. Kazadi, mwendesha pikipiki ya abiria aliyekuwa nyuma ya pikapu, alisema akiwa kitandani hospitalini, mguu umefungwa plasta, kwamba taa ilipepesa kulia, ndiyo maana akaipita pikapu kwa kushoto. Fadhili, dereva wa pikapu, alisema aliwasha kushoto, akakata kushoto, na hakuona kitu mpaka aliposikia kishindo. Wa nne, Jémima, abiria wa Kazadi, binti wa miaka kumi na tisa, hakuulizwa. Alikufa palepale barabarani, na bakuli la chakula alilokuwa anampelekea baba yake lilimwagika karibu na mkono wake.

Inspekta Stéphanie Kabemba alizikunja karatasi zile na kuzirudisha kwenye mkoba. Ni yeye aliyemkamata Fadhili siku tisa zilizopita. Kushoto kwa Mama Ernestine alikuhesabu kuwa kulia kwa gari lililokuwa linamjia, na chini ya maelezo ya dereva aliandika kwa mkono wake mwenyewe, akapiga mistari miwili chini yake: anasema uongo. Akamwambia na usoni, mbele ya mke wake, kwamba njia ya mwongo ni fupi. Kesho saa tatu asubuhi Fadhili atasimamishwa mbele ya mwendesha mashtaka. Kisipoonekana kitu kipya, jalada linakwenda mahakamani kama kesi ya kuua, na mahakama za Kolwezi hazina haraka na mtu aliyekwisha kufungiwa ndani.

Asubuhi hiyo alikuwa amekumbuka neno moja alilolisikia kwa Fadhili na asiliandike. Kwa ajili ya neno hilo alikuwa amemwita Tata Muamba, fundi wa umeme wa magari, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Sasa wote wawili walikuwa wamesimama katika uwanja wa nyuma wa kituo cha polisi, mbele ya pikapu nyeupe yenye umri wa miaka ishirini na zaidi.

"Rudilia ile neno," Muamba alisema.

"Alisema clignotant, taa ya kugeukia, ilikuwa inalia mbio mbio. Tangu siku tatu mbele ya accident. Mi sikuandika. Nilisema ni maneno ya kujitetea tu."

"Ungeliandika, mama." Fundi hakuwa mtu wa kupaka asali. "Ile sauti ni gari njo iko inasema. Ikilia mbio mbio, ampoule moja, balbu, haiko inakula courant ya umeme. Dereva alikupatia dawa, wewe ukaitupa."

Neno hilo lilimuuma Stéphanie, kwa sababu lilikuwa kweli.

Brigadier Merdi, polisi wa cheo cha chini aliyelinda uwanja ule, alileta ufunguo. Muamba aliuzungusha. Hakuna kilicholia, hata taa za dashibodi hazikuwaka. Alifungua boneti, akachungulia mara moja tu, akarudi nyuma ili inspekta naye aone. Betri ilikuwapo. Waya mnene unaotoka upande hasi wa betri kwenda kwenye bodi ulikuwa umekatwa; kilichobaki ni kipande cha urefu wa kidole.

"Voilà!" Merdi alidakia. "Balikata masse. Njo sababu ya accident, inspecteur. Andika sabotage, tumalize."

Masse, au masi kama mafundi wa Kolwezi wanavyotamka, ni njia ya umeme ya kurudi. Umeme unatoka kwenye betri kwa waya, unafanya kazi yake kwenye taa, halafu unarudi nyumbani kupitia chuma cha gari lenyewe. Gari lisilo na masi halina maana, hata likiwa na betri mpya. Stéphanie alikuwa amefundishwa hayo dakika kumi zilizopita, lakini macho yake hayakuhitaji kufundishwa. Aliinama juu ya kile kipande. Shaba ya ndani ilikuwa nyekundu, inang'aa.

"Siku tisa za umande na mvua," alisema, "na shaba bado iko nyekundu hivi?"

"Haiwezekane," Muamba alijibu. "Hii ni ya juzi. Pengine ya jana."

"Brigadier, hii gari ilifika hapa namna gani? Balikokota?"

"Hapana, mi mwenyewe niliendesha kutoka ku carrefour, pale njia panda," Merdi alisema kwa fahari, kisha akasikia alichokisema.

"Ilidemarrer? Moteur iliwaka?"

"Ndiyo, inspecteur."

"Basi masse ilikuwako ile siku. Na funguo ya huu uwanja iko kwa nani?"

Merdi alitazama viatu vyake. Malori ya shaba yanapita mbele ya kituo kile mchana kutwa, yanaelekea mpakani, na hakuna anayethubutu kuyagusa. Lakini shubiri mbili za shaba ndani ya uwanja wa polisi zilikuwa zimekosa wa kuzilinda. Angeweza kucheka kama asingekuwa amechoka na mji huu.

Muamba alichomoa waya mnene kutoka kwenye kikapu chake, akaunganisha betri na bodi pale palipokatwa. Taa za dashibodi ziliwaka.

"Sasa wee simama nyuma, pale Kazadi alikuwa," alimwambia inspekta. "Brigadier, wee simama mbele, pale mama wa makala alikuwa. Naweka gauche, kushoto. Kila mutu aseme kile anaona, asiseme kile anataka."

Mlio wa taa ya kugeukia ulianza ndani ya gari, tik-tik-tik-tik, wa haraka kama mtu anayegonga mlango wa choo.

"Mbele, kushoto ya gari inawaka!" Merdi alipaza sauti.

Stéphanie aliinama kutazama. Nyuma, taa ya kushoto ilikuwa giza tupu. Upande wa kulia, taa nyekundu ya breki ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, tena waziwazi, ingawa hakuna aliyekanyaga breki.

"Kulia," alisema hatimaye. "Inapepesa kulia."

Alisimama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Hivyo ndivyo Kazadi alivyoona. Stéphanie alikuwa amemkemea na yeye pia, juu ya kitanda cha hospitali. Watu watatu walikuwa wamesema kweli, na mwongo pekee katika jalada zima ilikuwa ile sentensi yake yenye mistari miwili chini.

Muamba alikuwa tayari ameshika kipimo chake cha volti. Mguu mmoja wa kipimo aliuweka kwenye upande hasi wa betri kwa waya mrefu, wa pili kwenye bati la taa ya nyuma ya kushoto.

"Angalia. Apa tunapaswa kuona zéro. Iko tisa. Maana yake hii feu, hii taa, haina masse. Courant inafika, inajaribu kurudia ku betri, inakuta mulango umefungwa. Sasa itafanya nini? Inazunguka. Inapita mu ampoule ya freins, ya breki, ya gauche, inafuata fil, waya, mupaka ku freins ya droite, ya kulia, inarudilia kwa jirani."

"Na juu ya nini kulia iwake, kushoto isiwake?"

Fundi alifungua taa ya kulia kwa bisibisi, akatoa balbu ya breki, akamwonyesha. Ilikuwa balbu ndogo, ya kumulikia ndani ya gari. "Mutu alikosa ya kweli, akatia hii. Kadogo kanashiba na courant kidogo. Kakubwa ka kushoto kanabakia na njaa."

Kisha alivuta waya mwembamba kutoka kwenye betri, akaugusisha kwenye bati la taa ya kushoto. Mlio ndani ya gari ukapungua ukawa wa kawaida. Nyuma kushoto, rangi ya machungwa ikapepesa vizuri. Kulia kukawa kimya. Alipouondoa waya, uongo ukarudi.

"Kumbe hakuna mwenye alidanganya?" Merdi aliuliza.

"Mi," Stéphanie alisema.

Lakini alikuwa amefanya kazi ya polisi miaka kumi na minane, na alijua mwendesha mashtaka atauliza nini. Nani anajua kwamba taa ilikuwa hivyo siku ile? Gari limekaa siku tisa katika uwanja ambao waya unaibiwa. Pengine na hiyo masi ya nyuma imekatwa hapahapa.

"Nataka kuona fasi, pahali penye hii masse ilikatika," alisema.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Muamba, pamoja na mgongo wake mbovu, alilala chali juu ya gunia akajisukuma chini ya pikapu. Walimsikia akiguna. Alitoka na bolti moja ya kushikia taa ya kushoto kwenye chuma, juu ya kiganja. Ilikuwa imepakwa oili chafu, nyeusi. Aliifuta kwa kitambaa, na chini ya weusi ule kukatokea unga wa kijani. Bolti ilikuwa imelika katikati hadi ikabaki nyembamba kama msumari.

"Hii siyo ya siku tisa," alisema. "Hii ni myezi. Pengine mwaka. Na siyo kutu ya mvua. Kutu ya mvua inakuwaka nyekundu."

Stéphanie aliichukua ile bolti, akaanza kulizunguka gari polepole, kama alivyopaswa kufanya siku ya kwanza. Pikapu ya zamani namna ile, inayosafirisha mizigo ya wafanyabiashara mpaka Dilolo na kurudi, ilikuwa na vumbi la wiki moja tu, bila tope la zamani. Matairi yake yalikuwa mabovu lakini rimu zilikuwa nyeupe kama sahani za harusi. Chini ya gari hakukuwa na grisi hata chembe, ila ile oili nyeusi iliyopakwa juu ya chuma kilichosafishwa. Taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa na ufa kwenye kioo, wa kutosha kuingiza penseli. Na ndani ya kioo, mahali vumbi lingepaswa kujaa, palikuwa safi.

Akatoa tena karatasi kwenye mkoba. Fadhili alisema alikuwa anakwenda wapi? Kuosha gari. Barabara ya kushoto kwenye njia panda ile inakwenda mahali pamoja tu, kwenye kijito kilicho chini ya kiwanda, ambacho watu wanakiita Mayi Kali, maji makali, kwa sababu kinasafisha bila sabuni. Na Jémima alikuwa anapeleka chakula wapi? Stéphanie alikuwa ameisoma sentensi hiyo mara kumi. Baba wa binti huyo, Lucien, ni mwosha magari. Kazadi aliipita pikapu kwa kushoto kwa sababu na yeye alitaka kukata kushoto. Gari na pikipiki vilikuwa vinakwenda kwa mtu mmoja.

"Tata Muamba," alisema taratibu, "mayi inaweza kukula chuma hivi?"

Fundi alivua miwani. "Mayi ya kunywa, hapana."

*

Njiani alimpigia simu mwendesha mashtaka. Alieleza habari ya bolti, akasikilizwa. Maelezo yake yalipofika kwenye kijito, sauti ya upande wa pili ilibadilika.

"Inspecteur, andika boulon, ile bolti. Andika nani alikuwa anaosha. Mayi inatoka wapi, iache. Hatuna laboratoire, na siyo njo dossier yako."

"Lakini mayi njo—"

"Boulon inatosha kumutosha Fadhili. Unataka kumutosha, ao unataka mambo?"

Simu ilikatwa. Alitaka kumtoa Fadhili. Alitaka pia mambo, lakini kwa umri wake alikuwa ameshajifunza kwamba huwezi kupata vyote viwili kwa siku moja.

Alimkuta Lucien amesimama kijitoni, suruali imekunjwa magotini. Alikuwa mwanaume mwembamba wa miaka hamsini, na miguu yake kutoka kwenye vifundo kwenda chini ilikuwa myeupe, imepasukapasuka. Alirudi kazini siku ya tano ya msiba. Kila asubuhi kabla ya kazi alipitia ofisi ya mashtaka kuuliza kama dereva bado amefungwa. Hakuna aliyekuwa na haki kuliko yeye ya kuuliza.

"Mama inspecteur, karibu. Batamufunga miaka ngapi?"

"Bado, tata. Pole tena na mutoto. Nakuya kuuliza juu ya ile gari."

"Ile naijua kupita mwenyewe. Kila samedi, kila Jumamosi, iko hapa." Akakunja uso. "Nasikia anasema feux njo zilimukosea. Asikudanganye! Ile gari, feux zake naosha mi mwenyewe, na hii mukono. Zilikuwa safi sana."

Alisogea karibu, bila kuulizwa zaidi, ili kumwonyesha. Stéphanie alitoa karatasi ya maelezo na kuanza kuandika. Lucien aliokota chupa ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari wa moto, akaijaza kijitoni, akaibana. Maji yalitoka kwa mstari mwembamba, yenye nguvu.

"Apa ku gauche, vitre yake, kioo, ilipasuka. Vumbi inaingia. Bengine banaacha. Mi naingiza mayi mu tundu, fwii, fwii, mara tatu, mara ine. Kisha naenda chini, napiga na ku boulons. Kisha napakaa mafuta ya moteur yenye ilishatumika, chuma ingae."

"Mbele ya kupakaa mafuta, unasukutula na mayi ingine? Ya bomba?"

"Ya bomba ya nini? Hii inakula buchafu yenyewe. Njo maana banakuya kwangu."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mvua ya mwaka ilipita. Andika muzuri, mama. Andika: mi, Lucien, baba ya Jémima, niliosha zile feux mi mwenyewe, kila samedi, na mayi ya hapa. Asipate fasi ya kukimbilia."

Aliandika yote kama yalivyotamkwa, na neno maji pia, kwa kuwa halikuwa lake bali la shahidi. Alisoma kwa sauti. Lucien alikuwa anaitikia kwa kichwa kila sentensi, kama mtu anayeona kuta za nyumba yake zikipanda. Alinyoosha mkono kuchukua kalamu.

Stéphanie alikuwa na desturi moja katika kazi hii, na haikumwangusha hata mara moja: sahihi kwanza, maelezo baadaye. Sahihi ilikuwa umbali wa kiganja. Alikumbuka alivyomwambia Fadhili kuhusu njia ya mwongo, na akaiondoa kalamu.

"Ngoja, tata. Tuikale chini kwanza."

Alitoa bolti kwenye bahasha akampa. Alikuwa anatafuta neno la kuanzia, lakini Lucien hakungoja. Aliutazama ule unga wa kijani, akachuchumaa, akaitumbukiza bolti kwenye kijito na kuanza kuisugua kwa kidole gumba.

"Ni buchafu tu. Inatoka."

Bolti ilivunjika vipande viwili mkononi mwake.

Ndipo Stéphanie alipomweleza. Hakujificha nyuma ya Kifaransa cha ofisini. Alimwambia bolti ile ndiyo iliyokuwa imeishika taa ya kushoto kwenye chuma cha gari. Alimwambia maji yaliila, na oili ikayafungia maji pale yaendelee kula. Alimwambia Fadhili aliwasha kushoto na taa ikawaka kulia, na Kazadi aliiamini taa, kama mtu yeyote angeiamini. Lucien alisikiliza akiwa amechuchumaa vilevile.

"Unasema mi njo niliua mutoto yangu."

"Nasema mayi njo ilikula chuma. Wee haukujua."

"Lakini mukono ilikuwa yangu."

Inspekta hakumtungia uongo wa kumfariji.

"Nikikatala kutia sahihi?"

"Fadhili anabakia mule ndani. Eko na muke na batoto babili. Na mi ntakuwa najua, na wee utakuwa unajua."

Lucien alinyanyuka. Alitazama juu ya mteremko, upande wa njia panda, mahali barabara inapojitokeza.

"Ile siku nilisimama hapa hapa," alisema. "Nilikuwa naangalia njia. Nilisema, leo Fadhili anachelewa. Na mutoto na chakula naye anachelewa."

Uso wake ulikunjamana na akalia, kwa sauti, bila kujifunika. Stéphanie alilia naye kidogo, akageuka pembeni kujifuta.

Baada ya muda Lucien alitaka kunawa uso. Alianza kuchota maji ya kijito kwa viganja, akasita, akayamwaga, akajifuta kwa mkono wa shati lake.

"Soma tena."

Alimsomea tena, tangu mwanzo. Ilikuwa sauti ileile na maneno yaleyale, niliosha mi mwenyewe, kila samedi, na mayi ya hapa.

"Usifute kitu," Lucien alisema. "Leta bic."

Aliandika jina lake polepole, herufi kubwa, mkono ukiacha alama ya unyevu kwenye pembe ya karatasi. Stéphanie naye aliweka sahihi chini yake na tarehe. Kesho, saa tatu, Fadhili atatoka. Huko juu, nyuma ya ukuta, bomba la kiwanda lilikuwa linaendelea kumwaga maji kijitoni, kama lilivyokuwa tangu alipofika.

Lucien hakumrudishia kalamu. Alikuwa ameishika bado, anatazama huko juu.

"Na bale benye kumwanga hii mayi," aliuliza, "bao batatia sahihi fasi gani?"

Stéphanie aliitazama karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja wa shahidi na mmoja wa inspekta, na yote miwili ilikuwa imeshajaa.